Ndoana Isiyosikia Kitu

Juzi nilikuwa dukani kwa Mhindi mmoja, Mji wa Kale, nikingoja sukari. Mbele yangu alisimama karani mzee, kanzu yake imepigwa pasi.

"Tangu vita vianze na ndoana zipande bei, sijavua," alimwambia mwenye duka. "Mshipi wa zamani nimeuunga. Nipe ndoana moja tu, ndiyo niliyo na uwezo nayo."

Mwenye duka akaifunga kwa karatasi, kisha kwa wema wake akauliza, "Na kesho utavua wapi, bwana?"

Sote tukageuka kumtazama. Mvuvi haulizwi aendako; akiulizwa, siku yake imeingia mkosi. Mzee akairudisha ndoana mezani taratibu. "Basi tena. Sivui."

Mwenye duka akashika ndevu. "Astaghfirullah! Swali langu limeingia kwenye ile. Iache. Chukua hii nyingine, hii haijasikia kitu."

Mzee akaigeuza-geuza kidoleni, akacheka, akaitia mfukoni.

Kesho yake asubuhi nilikutana naye njia ya kwenda ufuoni Tudor, mfuko unanuka chambo. Sikuuliza. "Utuombee dua huko msikitini, mzee," nikamwambia.

"Inshallah, mwanangu," akajibu, naye ajua kama nijuavyo mimi kuwa msikiti ameshaupita.