Mstari Mmoja wa Soya

Kijiji kizima cha Nyarero kilimjua Wegesa kwa magonjwa ya mimea. Mihogo yako ikikunja majani ulimwita yeye. Aling'oa shina, akalinusa, akakuambia la kufanya, na mara nyingi alipatia. Sifa ilimkaa vizuri mama huyu, na ndiyo iliyomponza.

Vuli iliyopita mkamwana wake Tabitha alipanda soya katika kipande alichopewa na mumewe, shamba lake la kwanza. Mbegu alizichanganya na unga mweusi aliopewa kwenye kikundi cha wakulima, jambo ambalo Wegesa aliliita mchezo wa watoto. Soya zikanawiri. Kisha Tabitha akaenda kwao Sirari kumuuguza mama yake.

Ndipo Wegesa alipopita pale, akang'oa shina moja. Mizizi ilijaa vinundu kama punje za mtama. Nyanya zake bustanini ziliwahi kufa kwa vinundu vya mizizi. Akapasua kimoja kwa ukucha, akakikuta chekundu ndani, na hofu ikamshika. "Mizizi inavuja damu," aliwaambia majirani, na kwa kuwa aliyesema ni Wegesa, nani angebisha? Akaita risaga, ile kazi ya pamoja ambayo mwenyeji huilipa kwa chakula na kinywaji. Wanawake wakang'oa soya, wakazichoma. Ulibaki mstari mmoja tu kando ya mkonge, maana viuno vilichoka na togwa ilikuwa tayari.

Tabitha aliporudi jivu lilikuwa bado na moto. Hakulia. Alichomoa shina katika mstari uliobaki.

"Mama, huu si ugonjwa. Ndani ya hivi vinundu kuna vijidudu. Wanavuta hewa, wanaigeuza mbolea, na mmea nao unawalisha. Huo wekundu unaonyesha wanafanya kazi."

"Nani kakwambia?"

"Kikundini walitupasulia tukaona. Nilitaka nikuonyeshe na wewe, ukasema ni mchezo wa watoto."

Uso wa Wegesa uliwaka. Alitaka kuomba radhi. Badala yake akasema ng'ombe hawajanyweshwa, akaondoka.

Aibu ya watu wawili ingevumilika. Lakini kisimani maneno yalikuwa yameshaota: mkono wa Tabitha unatia damu ardhini. Jirani yao Winfrida aliacha hata kupokea mbegu kutoka kwake. Wegesa aliyasikia yote, akainama akateka maji yake. Neno lake moja lingetosha kumsafisha mkamwana, naye alilimeza kila asubuhi, kwa sababu lingemvua sifa. Uso umeumbwa na haya, ila wake siku hizo ulikuwa wa kujificha tu.

Masika Tabitha alipanda mahindi, magugu yakamzidi. Akaita risaga, akapika mtungi mzima wa togwa. Jua likapanda, hakuja mtu. Alikuja Wegesa peke yake, tena kwa njia ya nyuma asionekane. Hapo akayaona mahindi. Shamba zima lilikuwa limefifia njano, isipokuwa pale ulipokuwa umesimama ule mstari wa soya. Pale yalikuwa ya kijani kizito, na hata mpita njia aliyaona. Miezi yote ile Wegesa alikuwa hajathubutu kutazama upande huo.

"Shikamoo mama. Kunywa kwanza, itachacha bure."

Wegesa alipokea bakuli. Heri angetukanwa. Akaliweka chini likiwa limejaa, akashika barabara, safari hii ya mbele, mpaka kwa Winfrida.

"Soya zile zilikuwa nzima," alisema. "Nilikosea mimi. Na nimelijua hilo siku nyingi."

"Tangu lini?"

"Tangu jivu likiwa na moto."

Winfrida akaingia ndani kuchukua jembe. Wegesa akaenda nyumba ya pili, na ya tatu, akarudia maneno yale yale.

Mchana shamba lilijaa wanawake. Wegesa alipalilia pembeni, na hakuna aliyemsemesha. Jioni Winfrida alileta shina la maharage lililonyauka. Akampita Wegesa kama kisiki, akampa Tabitha.

Tabitha aliligeuza mkononi. "Hili silijui. Tumuulize mama."

Wegesa alilipokea, akalinusa.

"Hata mimi silijui," alisema. "Twendeni tukachimbe tuangalie."