Jina Juu ya Michoro ya Kidoti

Mume wangu anaandika miongozo ya programu za kompyuta. Programu anayoiandikia sasa ni ya bure, ya kupimia macho, na kazi yake ni kitabu kinachowaelekeza wauguzi namna ya kuitumia. Michoro arobaini na moja ya kitabu hicho ilichorwa na mdogo wangu wa kike, tuliyezoea kumwita Kidoti, pale mezani kwetu. Mimi ndiye niliyekaa kitini anichore, nimefunika jicho moja kwa kiganja mpaka shingo ikakakamaa.

Miaka miwili iliyopita wasambazaji wa programu walikikataa kitabu. Walisema kina faili zisizoonyesha ni za nani wala zina leseni gani, na kitu kisicho na ruhusa hawakisambazi. Mtu mwenye akili angeulizia faili moja moja ni ya nani. Huyu wangu, kwa kupenda njia za mkato, akatengeneza kijiprogramu kilichopitia kila faili isiyo na mwenyewe na kuibandikia mstari mmoja: hakimiliki ni ya mume wangu, kwa jina lake, ruhusa kwa wote kuitumia. Kitabu kikakubaliwa. Tukafurahi, hata mimi; sijisafishi.

Jumatatu hii Kidoti alikwenda kwenye usaili wa kazi ya uchoraji, kapeleka michoro yake ile ile ya kitabuni. Wakafungua faili, wakakuta jina la mwanamume. Wakampa mpaka kesho yake saa sita mchana aeleze ameiiba wapi. Alikuja kwetu moja kwa moja, hata maji hakutaka.

"Shemeji, michoro ile ni ya nani?"

"Ni yako, shemeji. Ila haikuwa na jina, sasa mashine ika..."

"Mashine hainijui. Wewe si ulikuwa unaniona nachora hapa hapa?"

Mume wangu akakaa kwenye kompyuta arekebishe. Akafuta jina lake, kisha vidole vikasimama. Akanigeukia mimi, si yeye, akauliza kwa sauti ya chini, "Hivi mdogo wako majina yake kamili ni nani?"

Miaka kumi na moja anakula naye meza moja. Nilimtajia yote matatu, na aibu ikanishika kana kwamba kosa ni langu.

Marekebisho yakatumwa kwa wale wasaili pamoja na barua ya maelezo. Asubuhi jibu likaja: jina limeandikwa jana, tena na shemeji wa mwombaji. Wanamtakia kila la heri.

Kidoti alilisoma mara mbili. "Toa michoro yangu yote," akasema. "Hiyo ruhusa kwa wote sikuitoa mimi."

Safari hii mume wangu aliitoa mmoja mmoja, kwa mkono, Kidoti kasimama nyuma yake. Nilijiona nikiondoka kitabuni, ukurasa baada ya ukurasa, jicho limefunikwa. Ulipobaki wa mwisho, mume wangu akamwita kwa jina lake la kwanza, akamwomba amwachie huo mmoja tu.

Kidoti akachukua mkoba wake.

"Niite shemeji," akasema. "Ndilo unalolijua."