Tonton alisikiliza carte graphique yangu

Leo tonton, mjomba yangu, amepima ordinateur yangu na sikio, kama docteur.

Tangu asubui carte graphique, ile kadi ya picha ndani ya kompyuta, ilikuwa inalia krrr, krrr. Na mimi niko na video ya ndoa ya kumaliza kutengeneza, bibi-arusi anapiga simu bila kuchoka.

Bon, nikaita tonton Faustin. Anajiitaka ingénieur tangu alitengeneza redio ya jirani.

Akaweka sikio. Akafunga macho.
«Iko nakufa. Ni courant ya umeme ndio inaiua.»
(Kwa tonton, hata kuku inakufaka sababu ya courant.)

«Tonton, hauangalie ndani?»
«Ingénieur haangaliake. Anasikilizaka.»

Wenye tonton kama huyu, mujitokeze hapa chini kwenye maoni.

Nikazima, nikainama mwenyewe. Ubavu wa machine iko wazi kila siku sababu ya joto. Na juu yake mama ameweka kitambaa yake ya kufuma, ipendeze. Nyuzi za kitambaa zilikuwa zimeingia ndani, zimejifunga kwenye ventilateur, ile feni ya carte.
Nikazikata na makasi. Kelele kwisha.

Mama akaingia, akaona kitambaa.
«Nani amekata hii?»

Tonton akaninyooshea kidole palepale.
Hapo hakuomba hata kusikiliza.