Wimbo wa Krismasi Kwenye Meza ya Pasi

Mama Pasi hakupenda kuchekwa, na wimbo ule ulikuwa unamfanya achekwe.

Kila Desemba ikiingia, redio ya pale kwa dobi huupiga asubuhi na mchana. Wimbo wa kantri, gita linajivuta polepole, na mwanamume mwenye sauti ya mafua anaomba: zawadi sitaki, taa za rangi sitaki, nataka nikifika Krismasi nikukute mlangoni. Basi, hakuna zaidi. Mama Pasi, mjane mwenye wajukuu, mikono imekomaa kwa joto la pasi, akiusikia hatulii. Anakwenda dirishani, anarudi. Anafungua kabati, hatoi kitu.

"Wifi, wimbo umekukamata tena," anasema mke wa kaka yake, anayefua huku yeye akinyoosha.

"Unikamate mimi? Mwongo tu huyo. Mwanamume gani anafika nyumbani haulizi kwanza kuna chakula gani?"

"Nizime basi?"

"Gusa uone."

Mwaka huu ulimwasha zaidi, maana kulikuwa na fundi mwashi. Naye alifiwa na mkewe. Alisimama pale kaunta akasema waziwazi: nataka nikuoe. Mama Pasi akamjibu kwamba ana nguo nyingi za kunyoosha. Fundi akangoja. Sasa kapata kazi ya ujenzi mbali, anaondoka leo, mkesha wa Krismasi, na amesema akiondoka bila jibu hatauliza tena. Suruali yake ya safari ndiyo iliyokuwa mezani.

Mama Pasi akailaza, akalinganisha mishono, akanyunyiza maji. Mstari wake wa pasi unajulikana mtaa mzima: mmoja, umenyooka, hauna mjadala. Redio ikaanza. Akili ikamtoka. Akajiona kasimama mlangoni, na mtu anakuja na vumbi la saruji kwenye viatu. Alipozinduka, pasi ilikuwa imeshapita. Mguu mmoja wa suruali una mistari miwili, sambamba.

"Mamaa!" wifi akapiga makofi. "Umemchorea reli! Garimoshi linapita saa ngapi?"

"Nyamaza, fua."

Akalowesha kitambaa, akakiweka juu, akakandamiza kwa nguvu zote. Mstari wa pili umekaa palepale. Na Fundi huyo anaingia, begi begani.

"Nimefuata suruali, Mama Pasi. Gari halitaningoja."

"Haijaisha."

"Nipe hivyohivyo."

"Haitoki hapa na kosa langu. Huko watauliza nani kainyoosha."

"Huko nakwenda kukoroga zege. Nani ataniangalia miguu?"

"Nimesema haitoki!"

Fundi akamtazama. "Suruali ninayo nyingine. Ni suruali tu unayoizuia?"

Huko nyuma wifi akaacha kufua. Mama Pasi akashika pasi, akaiweka, akaishika tena. Akisema ndiyo, ni suruali tu, mtu huyu atageuka na begi lake, na yeye hatamkimbilia barabarani, anajijua.

"Mimi si wa kusimama mlangoni," akasema kwa ukali. "Nina kazi. Ukirudi utanikuta nimelala, au nimenuna. Na wanangu watasema nimechanganyikiwa."

"Watasema. Jibu?"

"Kwani hujasikia?"

"Nimesikia mengi. Jibu sijalisikia."

"Usiende! Umefurahi? Kwani hapa kuta za kujenga zimekwisha?"

Fundi akatua begi sakafuni. Akatoa simu, akampigia msimamizi wake, akasema atafutwe fundi mwingine.

Hapo ndipo Mama Pasi angetulia, kama angekuwa mtu wa kutulia. Akaenda dirishani, akarudi. Binti zake atawaanzia wapi? Na kitandani, huyu atalala upande gani, na yeye miaka yote hii kalala katikati?

"Nikae wapi?" Fundi akauliza, maana chumba chote ni nguo za watu.

"Kaa popote," akamwambia, akimpita mara ya tatu, "ila usinizibie njia."