Kifauongo

Ndugu yangu wa mwisho alizaliwa kimya. Ilikuwa Likoni, yapata mwaka mmoja kabla ya uhuru, asubuhi ya jua kali. Mimi, msichana wa miaka minane, nilikuwa mlangoni na beseni la maji moto, nikisubiri kilio cha mtoto. Hakikuja. Nilichosikia ni sauti ya mama, ndogo mno: "Inna lillahi..."

"Nyamaza, mwanangu," mkunga akamwambia.

Mkunga alikuwa jirani yetu, Mdigo, aliyewazalisha karibu wanawake wote wa mtaa ule. Sisi watoto tukimwita nyanya. Nilichungulia nikamwona amemlaza mtoto mapajani, anamsugua mgongo kwa kanga, anampulizia puani, anamsugua tena. Mtoto alikuwa rangi ya zambarau. Maji yakanipoa mkononi. Mara akakohoa, kisha akalia kwa hasira.

Nyanya alicheka mpaka akatokwa na machozi. "Kifauongo huyu!"

Alipotoka nje kunawa, nikamuuliza kifauongo ni nini.

"Hukijui? Nawe wakikanyaga kila siku!"

Akanishika mkono mpaka njia ya kisimani, akachutama. Palikuwa na mmea umetambaa chini, majani yake madogo kama meno ya kitana, na kiua cha rangi ya waridi, mviringo, chepesi kama sufi. Akayagusa majani kwa ncha ya kidole. Yakajifumba, jozi baada ya jozi, na kikonyo kikaanguka. Nikaruka nyuma.

"Umekiua!"

"Ngoja. Kimekufa uongo. Mbuzi akija kula, akikigusa tu, aona kimenyauka, aenda zake. Wazee waliliona hilo, wakakipa jina."

"Wallahi, nyanya?"

"Ndivyo alivyoniambia mamangu, na yeye aliambiwa na mamake."

Tukangoja. Sikuona jani lilipoanza. Niliona tu kwamba limekwisha kufunguka, na jingine, na kikonyo kikainuka polepole kama mtu aondokaye kwenye sijida. Nilikuwa nimepita pale maisha yangu yote nikienda kuteka maji.

"Subhanallah," nyanya alisema, kwa sauti ya mtu ambaye naye alikuwa akiona mara ya kwanza.

Tuliporudi ndani mama alikuwa ameketi, ananyonyesha. Aliniambia nikaribie nimwone ndugu yangu. Nilikaa kando yake mpaka adhuhuri, nikikitazama kifua kile kidogo kikipanda na kushuka.