Posa Tuliyoirudisha

Ukubwa jalala, na mimi jalala langu nililipokea nikiwa na miaka ishirini na sita. Baba alifariki akaniachia nyumba ya Mji Mkongwe pale Bagamoyo, mama mgonjwa wa miguu, na mdogo wangu wa kike ambaye alikuwa hajaolewa. Kwa mila yetu mimi ndiye niliyekuwa walii wake: haozwi bila neno langu. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, suruali yangu imenyooshwa pasi, na nilijiona mtu wa kisasa kuliko wote mjini. Nikikumbuka hucheka, ila kicheko chenyewe hakina raha.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini redio ilitangaza kwamba nchi yetu imejiunga na mkataba wa mataifa wa kupinga ubaguzi wa rangi. Baada ya siku chache sisi walimu wa elimu ya watu wazima tukapewa karatasi ya kuufafanua darasani. Darasa langu lilikuwa Mlingotini, alasiri mbili kwa wiki. Nilikwenda kwa baiskeli, mdogo wangu nimempakia nyuma, maana yeye ndiye aliyewashika mikono kina mama waliokuwa wakijifunza kuandika. Siku hiyo herufi niliziacha. Niliwaeleza habari za makaburu: mabasi ya weupe na mabasi ya weusi, mtu kudaiwa pasi katika nchi aliyozaliwa. Darasa zima lilisonya. Kisha nikawasomea kwamba mkataba unakataza kumbagua mtu kwa rangi, kwa kabila, kwa nasaba.

Bibi mmoja aliyeketi mbele akainua mkono. Nilimjua tangu utotoni. Mama yake alinunuliwa na babu yake baba. Yeye mwenyewe alikuwa mzalia wa nyumba yetu, mtoto wa mtumwa aliyezaliwa humo, na katika kila harusi yetu ndiye aliyekuna nazi, chakula akala uani. Nyumbani tulifunzwa kumwambia "hujambo", yeye mtu mzima na sisi watoto wa miaka saba. Darasani nilikuwa nikimwamkia shikamoo, na kila mara nilijipongeza kimoyomoyo.

"Mwalimu, nasaba ndiyo haya mambo ya nani kazaliwa na nani?"

"Ndiyo, bibi."

"Nayo imo humo kwenye karatasi?"

"Imo. Serikali imeshakubali."

"Haya," akasema. "Mungu awape umri."

Nilidhani ameuliza kwa kutaka kujua tu. Wiki mbili baadaye akaja nyumbani kwetu pamoja na mshenga, barua ya posa imefungwa kwenye leso. Mjukuu wake, seremala aliyetengeneza madawati ya shule yangu, alitaka kumuoa mdogo wangu. Alikuwa akimleta bibi yake darasani na kumngoja, na hapo ndipo walipozoeana, mbele ya macho yangu, nami sioni ila ubao. Siku hiyo bibi alikuja kwa mlango wa mbele. Alisita kizingitini, akaniangalia. Nikamwambia karibu, akaingia, akakaa kwenye mkeka wa wageni.

Seremala yule sikumwonea ila. Alikuwa mpole, haambiwi sala wala kazi, na mikono yake naiona hadi leo katika kila dawati lisilotikisika. Nilimpenda.

Ami yangu, mdogo wake baba, aliisoma barua wageni walipokwisha kuondoka, akaikunja.

"Huyu si kufu yetu, hatulingani naye kwa nasaba."

"Ami, mambo hayo yamepitwa. Nchi imejiunga na mkataba..."

"Nchi imekubaliana na mataifa. Mimi sijakubaliana na mtu. Muoze mtoto wa kaka yangu kwa mzalia wetu, halafu siku ukifiwa usinitafute. Wala mimi wala ukoo huu."

Kwetu pwani neno hilo si dogo. Mtu akisuswa na ukoo wake, atazikwa na nani? Niliogopa, nakiri. Walii nilikuwa mimi, si yeye. Ningesema ndiyo, nani angenizuia? Nilikuwa nimesimama mbele ya watu wazima arobaini nikiwalaani makaburu walio mbali, ambao hata wasingenisikia, na mbele ya mzee mmoja mwenye kanzu nikakosa ulimi. Barua tukairudisha kwa mshenga.

Ami alikuwa na mtu wake tayari, binamu yetu wa Pangani, mfanyabiashara wa nazi, amefiwa na mke, na kwa umri angeweza kunizaa. Mila inataka mwali aulizwe. Akinyamaza, kimya chake kinahesabiwa ridhaa, kwa sababu haya hazimruhusu kusema ndiyo kwa kinywa chake. Basi nikaenda kumuuliza. Alikuwa jikoni anapeta mchele, na ami alinifuata akasimama nyuma yangu.

"Posa ya seremala imerudi. Imekuja ya Pangani. Wasemaje?"

Ungo ukatulia mikononi mwake. Akanitazama mimi, ami hakumtupia jicho hata kidogo, na hakusema kitu.

"Amenyamaza," akasema ami. "Alhamdulillahi."

Nami nikaitikia alhamdulillahi. Nilikuwa mwalimu, kimya cha anayekubali na kimya cha anayengoja nilivijua vyote viwili. Lakini mila ilikuwa imenipa pa kutokea, nikatoka mbio.

Harusi ilifanyika, na nazi zilikunwa na watu wengine. Darasani bibi hakurudi tena. Siku moja nilikutana naye njiani karibu na kisima cha Mlingotini. Kabla sijafungua kinywa yeye akatangulia: "Shikamoo, bwana." Mwanamke wa miaka sabini na zaidi. Nilitamani kutumbukia kisimani. Mjukuu wake, nikaambiwa, amehamia Dar es Salaam.

Mwaka wa pili nilikwenda Pangani kumtazama mdogo wangu, safari ya siku mbili kupitia Chalinze na Muheza. Alikuwa amekonda. Mkono wake wa kushoto haukunyooka sawasawa, na alipoona nautazama aliufunika kwa kanga. Mumewe alipotoka kwenda dukani nikamuuliza lililokuwa likinikaba muda wote huo.

"Mbona siku ile hukusema? Ungesema hapana moja tu, ningekuwa na cha kumwambia ami."

Alinimiminia chai kwanza, kwa mkono mmoja.

"Asubuhi ya siku ile alinitumia salamu," akasema. Hakulitaja jina, wala hakuhitaji kulitaja. "Ameshakwenda bomani kuuliza. Karani kamwambia kwa sheria mpya naweza kuolewa pale bila walii, nikitaka hata kesho. Nikamjibu hapana. Nikamwambia bomani anakwenda mwanamke asiye na mtu. Mie nina kaka yangu."