Jua Lilikuwa Nyuma Yake

Mume wangu alikuwa mbeba kamera. Enzi hizo za Wadachi, yaani Wajerumani, pale Morogoro mjini alikuwapo Mhindi mmoja mpiga picha, na mume wangu alimfanyia kazi tangu kabla hajanioa. Kamera ilikuwa sanduku zito la mbao lenye miguu mitatu. Picha zilinaswa kwenye vipande vya kioo, na mume wangu alivibeba kama mtu aliyepakata mtoto mgonjwa.

Kazi yao ilikuwa kuwapiga picha Wadachi na askari wao. Lakini moyo wa yule Mhindi ulikuwa kwenye machweo. Kila alipoyapiga, mbingu ilitoka nyeupe kama shuka, bila wingu hata moja. Mwishowe akaagiza vioo vya njano vya kuvika mbele ya jicho la kamera, kimoja chepesi, kingine kimekolea. Mume wangu alikuja na kimoja nyumbani akanieleza, "Mwanga wa mbingu ni mwingi mno, unayameza mawingu. Kioo hiki kinaupunguza." Akaniwekea machoni. Ua wetu wote ukageuka rangi ya asali, nikacheka.

Jioni moja ya kiangazi nilikuwa natoka shambani mlimani, binti yetu mgongoni, nikawakuta njiani wametega kamera kuelekea mbuga ya Mkata. Walikuwa wamebakiwa na kioo kimoja tu cha kunasia picha.

Nikamwambia Mhindi, "Bwana, hicho cha mwisho si umpige mume wangu? Mtoto apate picha ya baba yake."

Mhindi hakukataa. Alimgeukia mume wangu amsikie. Mume wangu akacheka.

"Uso wangu unauona kila siku, mke wangu. Jua kama hili tutalipata lini tena?"

Wakavika kile kioo kilichokolea. Hata hivyo jua lilikuwa bado kali, likimwagikia ndani ya kamera. Mhindi akamwambia mume wangu asogee mbele, alifunike kwa mwili wake. Akaenda kusimama ukingoni mwa njia, mgongo kwa jua, uso kwetu. Kwa kioo cha njano picha huchukua muda, kwa hiyo ilimbidi asitikisike. Mtoto alimwita, "Baba! Baba!" Hakujibu, ila nilimwona anabana midomo asicheke.

Kisha vita vikaja. Askari walizunguka sokoni wakikamata wanaume wa kubeba mizigo ya jeshi, wakamkamata na mume wangu. Nilipopata habari nilikimbia, nikawafikia nje ya mji, wamefungwa kamba wawili wawili, masanduku vichwani.

"Rudi," aliniambia. "Umemwacha mtoto na nani?"

Nikarudi.

Mhindi alipofunga duka kukimbilia pwani, aliniita, akanipa ile picha. "Mawingu yametoka vizuri sana," akasema. Kweli yalikuwa yametoka, tabaka juu ya tabaka, na miale ya jua ikipita katikati yake. Mbele yake alisimama mtu mweusi tii, kuanzia unyweleni hadi unyayoni. Niliisogeza mlangoni penye mwanga, nikaigeuza huku na huku.

"Bwana, uso uko wapi?"

"Jua lilikuwa nyuma yake, mama," akasema. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

Mwenzake mume wangu, mtu wa Kinole, ndiye aliyerudi kutoka vitani, amebaki mifupa. Alikuja mpaka uani, akakataa kuketi.

"Tumbo la damu, dada. Huko Rufiji. Tulimfukia kando ya njia, na kesho yake tukaamrishwa kuondoka."

"Unaweza kupajua mahali penyewe?"

Akatikisa kichwa.

Mama mkwe alishuka kutoka Matombo kwa miguu. Tulisomewa dua, watu wakatawanyika, lakini yeye hakutulia. Alikuwa anataka kaburi. Nikamwonyesha picha. Akaishika kwa mikono miwili, akapitisha kidole kwenye bega. "Ndiye. Bega la kushoto huliteremsha hivi tangu utoto." Akaniangalia. "Nipe nimzike, mwanangu."

Nilimpa. Aliizungushia kitambaa cheupe, akaenda nayo kwao, akaizika nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Ndugu wengine walisema si sawa.

Binti yangu sasa ni mtu mzima. Huniuliza baba yake alifananaje. Namwambia alikuwa na mwanya, na kovu dogo kwenye nyusi. Aliniuliza mara moja, nyusi ipi? Niliutafuta uso wake kichwani, sikuuona, nikamjibu ya kulia. Tangu siku hiyo naye husema ya kulia.